Kumlilia Mtu Asiyekuwako

Mzee mmoja wa kanisa, mkulima na mfugaji wa upande wetu wa Serengeti, alitusimamisha njiani siku moja tulipokuwa tukitoka mnadani, akatuuliza swali ambalo halijatuacha mpaka leo. Alisema, "Mwalimu, nyumba yangu imejaa watu wasiokuwako. Mama watoto ana filamu zake katika simu, na juzi alilia mpaka ugali ukaungua, kwa ajili ya yatima ambaye hakuzaliwa na mtu. Kijana wangu ashinda katika kibanda cha video, akirudi ataja wapiganaji wa Kichina kana kwamba ni wajomba zake. Na binti yangu ana kitabu cha mapenzi, amekificha chini ya godoro. Tumekatazwa uongo, na hawa wote ni wa uongo. Je, niwafukuze?"

Jua lilikuwa kali, nasi tulikuwa na haraka. Tulimjibu kwa neno moja, "Wafukuze." Akaenda zake ameridhika. Sisi hatukuridhika, walakini sababu yake hatukuijua mpaka baadaye, kama tutakavyoeleza.

Na tuanze na neno hili la uongo, maana ndilo linalowasumbua wengi. Wenzetu wa pwani, msimulizi akitaka kuanza, husema, "Hadithi, hadithi!" nao wasikilizaji humwitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Litazameni jambo hili. Uongo umeitwa kwa jina lake, tena umeitwa na wale wale watakaousikia. Mwongo wa kweli hafanyi hivyo. Mtu akuuziaye ng'ombe mgonjwa mnadani hatangulii kusema, "Uongo njoo." Katika nchi yetu ya Wakuria, Wangoreme, Waikoma na wenzao, bibi zetu walitusimulia habari za zimwi na za sungura usiku penye moto, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeamka asubuhi akashika mkuki kwenda kumtafuta zimwi. Mpiga ritungu naye, akimsifu mwenye mali, humwongezea ng'ombe ambao hawamo zizini, na yule asifiwaye hucheka pamoja na watu, maana yeye ndiye ajuaye hesabu.

Hata amri yenyewe, tukiisoma taratibu, yakataza kumshuhudia jirani uongo. Zimwi si jirani ya mtu. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu. Maskini yule hakuwako, wala kondoo hakuwako. Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya mtu asiyekuwako, na kwa hasira hiyo hiyo akajihukumu mwenyewe. Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotafuta mfalme. Na yule Msamaria mwema hana jina, wala mwenye nyumba ya wageni hana jina, na hatujasikia Mkristo aliyesafiri kwenda Yeriko kuulizia zile dinari mbili. John Bunyan wa Uingereza, ambaye kitabu chake cha safari ya Mkristo kilitoka mwaka 1678 na kimesomwa na wengi wetu kwa Kiswahili, alitangaza mapema kwamba asimulia ndoto. Basi ikiwa kila kisichotokea ni uongo, itatupasa tuchome vitabu vingi kuliko tulivyodhani.

Kinyume chake, picha ya mambo yaliyokuwako kweli yaweza kupotosha. Sisi tukaao kando ya mbuga twalijua hilo. Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu ya kuwaambia walimwengu kwamba Serengeti haina budi isife. Mwanawe Michael, aliyefanya kazi hiyo pamoja naye, alikufa ndege yake ilipoanguka mwezi wa Januari mwaka huo, na mwaka 1960 filamu ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Wanyama wale ni wa kweli, na bidii ya baba na mwana katika kuwahesabu na kuwatetea hatuidharau hata kidogo. Lakini mtu wa mbali aliyeitazama aliweza kudhani kwamba nchi hii haikuwa na wenyewe tangu kuumbwa. Wakati huo huo Wamasai waliokuwa wakichunga ndani ya mbuga walihamishiwa upande wa Ngorongoro, na Waikoma, ambao babu zao waliwinda humo ili wale, wakaanza kuitwa majangili. Miaka 35 baadaye, yaani mwaka 1994, Wamarekani wakatoa filamu ya kuchorwa, The Lion King, yenye simba aitwaye Simba na nyani aitwaye Rafiki, nao wasema na kuimba. Hiyo haikumdanganya mtu. Mtoto aliyesikia simba akinguruma usiku karibu na zizi la baba yake hahitaji kuambiwa tofauti.

Basi, kama kosa si uongo, liko wapi? Maana moyo watuonya kwamba lipo.

Jibu lililotusaidia tulilipata kwa Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi iitwayo leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia kwamba alipokuwa kijana shuleni alimlilia Dido, malkia wa katika utenzi wa Warumi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, na huku hakujililia mwenyewe, ijapokuwa hali yake ilikuwa ya kuliliwa. Alipokwenda Karthago alipenda sana michezo ya kuigiza, na hasa ile ya huzuni. Baadaye akajiuliza kwa nini mtu hufurahia kuhuzunika. Akaona ya kuwa mtazamaji haitwi kusaidia, aitwa kusikitika tu. Na kadiri anavyozidi kusikitika, ndivyo anavyozidi kumsifu mwigizaji.

Hapo tulisimama tukafunga kitabu, kwa kuwa tulijiona humo. Sisi wenyewe tuliwahi kutazama filamu moja ya Kitanzania juu ya msichana wa kazi anayeteswa na mama mwenye nyumba. Tulimhurumia mno. Tulipaza sauti, "Jamani!" na machozi yakatutoka. Filamu ilipokwisha tukamwita kwa ukali msichana wetu wa kazi alete maji ya kunawa. Alikuwa jikoni, na ilikuwa saa nne ya usiku, naye hajala. Hatukuona lolote. Tuliona miezi mingi baadaye, tukisoma kitabu cha mtu aliyekufa mwaka 430.

Basi machozi ya namna hiyo hayana deni. Mtu hulia, hufuta uso, hulala akijiona mwenye moyo mwema, na jirani hakupata hata kikombe cha maji. Hilo ndilo tulihofulo katika filamu, kuliko hata ngumi na bunduki zake. Nathani hakumwacha Daudi na machozi yake. Alimgeuzia hadithi usoni, akamwambia kuwa mtu yule ni yeye. Lakini katika kibanda cha video hakuna Nathani mlangoni.

Tusikidharau kibanda, hata hivyo. Wazazi wengi wanaokilaani hawajaingia humo. Sisi tumeingia. Kuna mabenchi ya mbao, joto, vumbi, na mtu mmoja anayewafasiria watu filamu ya kigeni kwa Kiswahili, kwa mtindo uliomfanya Lufufu wa Dar es Salaam ajulikane nchi nzima. Mfasiri huyo hafasiri neno kwa neno. Humkemea mwizi, humwonya mwenye kudanganywa, hutia na methali, na watu humjibu kwa kelele. Tulipomsikia tulikumbuka penye moto wa bibi. Ubaya tuliouona ni fedha ya kusaga mahindi iliyopotelea hapo, na wavulana waliopaswa kuwa darasani. Hayo ni makosa ya saa na ya mfuko, na baba aweza kuyatengeneza bila kuhukumu hadithi yenyewe.

Juu ya michezo ile ya kwenye kioo, ambayo vijana huiita gemu, tutasema machache, maana tumeijaribu mara mbili tu na mara zote mbili tulishindwa na mtoto wa darasa la tatu. Humo mtu huuawa akafufuka mara ishirini kabla ya chakula cha mchana. Katika nchi iliyowahi kuzika watu wengi kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, twaona ni vigumu kucheka. Lakini wale vijana wacheka, wala hatujaona aliyetoka hapo akachukua panga. Kucheza kamari kwa gemu ni neno jingine, nalo tulikataze.

Sasa twaja kwenye vitabu vya mapenzi. Hivi ndivyo vilivyotutia aibu.

Vingi ni dhaifu. Kijana atoka Dar es Salaam na gari, amwona msichana kisimani, na ukurasa wa pili wanapendana mpaka kufa. Msichana aliyelishwa hayo tu aweza kumwamini mtu wa kwanza mwenye pikipiki amwambiaye maneno matamu, na shule ikaishia hapo. Tumewaona. Lakini hata hapa tumejifunza kutohukumu upesi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, alitoa kitabu kiitwacho Rosa Mistika, nacho kikazuiliwa mashuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya aibu yaliyomo. Ni kweli yamo. Lakini kitabu chaeleza habari za binti aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, ambaye alipopata uhuru hakujua autumie vipi, akaangamia. Waliokizuia walitazama sana dhambi za binti. Twajiuliza kama walimwona baba.

Sisi hatukumwona. Yule mzee wetu, baada ya kupata neno letu moja, alirudi nyumbani, akainua godoro, akatoa kitabu cha bintiye, akakichoma jikoni mbele ya watoto wote, akisema, "Mwalimu ameamuru." Haya twayaandika kwa ruhusa yake. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Mwaka ule wazee wa mila walikuwa wametangaza msimu, na bibi zake walikuwa wamekwisha kumtajia siku yake ya kukeketwa katika mwezi wa Desemba. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18, nalo kanisa lakataza; lakini mzee aliwaogopa watu wa ukoo wake, akanyamaza.

Usiku mmoja binti akaondoka peke yake, akatembea mpaka Mugumu, akabisha katika Nyumba Salama iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Nyumba hiyo yajulikana mbali, maana mwaka 2018 Giselle Portenier wa Kanada alitoa filamu juu ya wasichana wake, watu wa kweli, na twaamini wengi huko mbali walilia. Lakini wao walikuwa mbali. Sisi tulikuwa karibu, na nyumba yetu i kando ya njia ile aliyoipita.

Mwezi wa Januari, wazazi walipokwisha kuahidi mbele ya mashahidi kwamba hatakeketwa, alirudi. Tulimwuliza kwa nini hakuja kwetu usiku ule. Akatuamkia kwa heshima, kisha akasema, "Niliiona taa yako, Mwalimu. Nilidhani utanirudisha. Baba alisema wewe ndiye uliyeamuru kitabu kichomwe."

Tulimwuliza kitabu kile kilikuwa na nini. Kilikuwa na msichana aliyetakiwa aolewe na mzee mwenye mali, akamwambia baba yake, "Sitaki," akakimbilia kwa shangazi. "Nami nikaona," akasema, "alimwambia hivyo, na baba yake hakufa, wala hakuacha kuwa baba yake."

Hatusemi kwamba kitabu cha mapenzi ndicho kilichomwokoa. Alifundishwa shuleni, alifundishwa kanisani, aliisikia habari ya Nyumba Salama kwa wenzake. Lakini hayo yote yalimwambia kwamba jambo lile ni baya; jinsi ya kulitamka neno lile mbele ya baba, hayakumwonyesha. Alilipata kwa mtu asiyekuwako. Alimlilia, kisha akainuka akaenda. Nasi tuliokuwako tuliamuru mtu huyo atiwe motoni.

Mzee naye amebadilika kuliko tulivyotazamia. Amewakataza wanawe kibanda siku za shule, na Jumamosi huwaacha waende. Wakirudi huwauliza nani alidhulumiwa na nani alimsaidia, mpaka wamechoka naye. Tena alitaka kumlipa bintiye kitabu kile. Shida ni kwamba kilikuwa kimepita mikononi mwa wasichana wengi, jalada lilikwisha kupotea zamani, na hakuna ajuaye jina lake wala mwandishi. Hata mwisho wake binti hakuufikia. Basi mzee alikwenda Tarime, kisha Musoma, akawasimulia wauza vitabu hadithi yote tangu mwanzo, kama alivyoisikia, ili wamtambulishie. Mmoja wao alimsikiliza mpaka alipofika pale msichana anapotoroka usiku, akamwuliza, "Mzee wangu, unatafuta kitabu, au unanieleza mambo ya nyumbani kwako?"

Kitabu hajakipata bado.