Jabali Lililodhaniwa Halina Mwisho

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeikita milima katika ardhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Mpakani mwa Uganda na Kongo pana safu ya milima mikali iitwayo Ruwenzori, ambayo mawingu huifunika siku nyingi za mwaka. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, nacho kimevikwa barafu, ijapokuwa ki karibu na Ikweta.

Wanavyuoni wa zamani walikuwa na habari ya Jabal al-Qamar, yaani Mlima wa Mwezi. Al-Idrisi aliutia katika ramani yake mwaka 1154 kuwa ndio chimbuko la Nili. Wengi wamesema kuwa mlima huo ndio Ruwenzori. Na hakika maji ya safu hii huteremkia mto Semliki, kisha Ziwa Albert, kisha Nili yenyewe, hata yakawafikia watu wa Misri.

Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, Mtaliana, alikipanda kilele hicho. Zama hizo barafu ya safu nzima ilikadiriwa kupita kilomita za mraba 6. Joto la dunia likazidi. Na ilipopimwa mwaka 2003 haikutimia hata kilomita 1. Sehemu kubwa ya barafu ya karne na karne imekwisha katika miaka isiyofika 100!

Suratun-Naml, aya ya 88, yamkumbusha mja siku ambayo milima yenyewe itaondoka, na atazamaye akidhani imetulia. Basi ikiwa jabali halina amani, mwana wa Adamu aitegemea pumzi ipi?

Walakini yuko aliyewekewa mali ya yatima, naye husema, "Nitampa msimu ujao." Yuko adaiwaye, na uwezo anao, naye hungoja jahazi lirudi. Na wote wawili husema wametubu! Imamu Nawawi ameeleza masharti ya toba: kuacha maasi, kujuta, na kuazimia kutoyarejea, na ikiwa ni haki ya mja, la nne ni kumrudishia mwenyewe. Asiyerudisha, toba yake haijatimia, ajapolia usiku kucha.

Basi na alipe leo, kabla umri haujayeyuka.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kurudisha amana kabla ya mauti. Amin.