MFANO WA CHOMBO

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu walioshirikiana chombo wakapiga kura, baadhi yao wakapata juu, na baadhi chini. Wa chini wakitaka maji iliwalazimu kuwapitia wa juu. Wakaona heri watoboe tundu katika fungu lao, wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakishikwa mikono, wote huokoka.

Twausoma mfano huu kwa kukataza maovu, na ni haki. Lakini na tuzingatie: wale hawakutoboa kwa uadui. Walitaka maji.

Leo mwenye kuchimba choo kando ya kisima cha jirani husema, "Kiwanja ni changu." Je, maji ya chini ya ardhi yajua mpaka wa kiwanja? Na mwenye kukata mikoko husema, "Nitauza boriti nilishe wanangu." Lakini mizizi hiyo ndiyo ishikayo matope na kuvunja nguvu za mawimbi, na ndimo walelewamo samaki na kamba. Mkoko ukiisha, mvuvi hurudi na tenga tupu. Tundu ni la mmoja, gharika ni ya wote.

Basi yatosha kumshika mkono? Hapana, yatupasa pia tumpe maji. Tuitazame Gazi, huko Kwale. Mikoko yake ilikatwa sana kwa kuni za viwanda katika miaka ya 1970. Tangu mwaka 2013, wenyeji wa Gazi na Makongeni, katika mradi wao wa Mikoko Pamoja, hulinda hekta 117. Hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti huivuta na kuihifadhi, na fedha hizo zimewaletea maji na vitabu vya skuli. Hapo mkono umeshikwa, na kiu imekatwa.

Na sisi tulio juu, wenye mali na wenye elimu, tumefanya nini? Karamuni hatuhesabu; tukiombwa kisima, twahesabu senti. Wazee wetu waliweka wakfu visima, nasi twayanywa maji yao. Watakaotufuata watakunywa nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutengeneza, wala tusiwe wenye kuharibu. Amin.