Pumzika, Mama?

"Mama, pumzika!" Nani atabisha kwamba hayo ni maneno ya upendo? Mgonjwa wa saratani ya matiti karudi Ruanda, Mbinga, kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 1000. Jembe kanyang'anywa, ndoo kanyang'anywa, hata mwiko. Basi kakaa mkekani kama mgeni nyumbani kwake.

Zamani hata madaktari walikataza: aliyepasuliwa titi asitumie nguvu, mkono utavimba. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie aliwapa makasia wanawake 24 waliougua maradhi hayo. Wakapiga kasia kwa miezi, na hakuna aliyeanza kuvimba mkono. Leo wataalamu wanakubali kwamba mazoezi ya kiasi, hata katikati ya matibabu, hupunguza uchovu.

Eti basi arudishiwe jembe? La hasha, ndugu msomaji! Mama wa Kimatengo kachimba ngoro tangu usichana, na kazi hiyo hakuichagua. Mazoezi ni jambo jingine: hapo mwili unatikisika kwa ajili ya mwenyewe. Akichoka anaacha, na hakuna atakayelala njaa kwa sababu kaacha.

Kule ziwani Nyasa akina mama hucheza kioda. Daktari akiridhia, kwa nini mgonjwa asipewe nafasi mstarini? Lakini tusimwamuru acheze, kama tulivyomwamuru apumzike. Tumwulize kwanza: "Mama, leo mwili unasemaje?" Halafu, jamani, tunyamaze tusikie jibu.