Ridhaa ya Msafiri na Ridhaa ya Bandari

Mtu aliyelipia safari ya merikebu ya matembezi mwaka mzima kabla ya kuipanda, akaichagua miongoni mwa safari nyingi kwa sababu moja tu, kwamba katika orodha ya bandari zake imo Mombasa, kisha akiwa baharini akaletewa karatasi chini ya mlango wa chumba chake imwambiayo kwamba Mombasa imeondolewa na mahali pake imetiwa bandari nyingine, mtu huyo hakupatwa na msiba wa kukalishiwa matanga, na wala sikusudii kumlilia. Walakini swali linalomkabili ni la zamani kuliko merikebu yake, na maulamaa wamelitokea jasho karne nyingi: jambo ambalo mwanadamu amelipanga, akalitilia nia na mali, likigeuzwa na mkono usio wake, je, limpasalo ni kuridhia na kunyamaza, au yumkini kuridhia na papo hapo kudai haki?

Nalileta swali hili Mombasa kwa kuwa hapa ndipo linapoonekana kwa pande zote mbili. Mara nyingine sisi ni wasafiri. Aghalabu sisi ndio bandari iachwayo. Tarehe 5 Novemba 2005 merikebu Seabourn Spirit, iliyotoka Misri kuja kwetu, ilishambuliwa na maharamia waliokuja kwa mashua za mbio nje ya pwani ya Somalia. Nahodha akaikaza mwendo, ikaponyoka, na badala ya kuingia Kilindini ikaelekea Shelisheli. Uharamia ulipozidi katika miaka iliyofuata, merikebu za namna ile ziliadimika magatini. Na tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoiteka merikebu Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, makampuni mengi yameepuka mlango wa Bab el Mandeb yakaona afadhali kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ratiba zilizoshonwa juu ya njia ya Suez zikafumuka. Wakati mwingine bandari ndiyo ikataayo: Februari 2024 serikali ya Morisi iliizuia Norwegian Dawn kuingia Port Louis kwa hofu ya kipindupindu, na vipimo vilipotoka kipindupindu hakikuonekana.

Kuachwa si jambo geni kwa mji huu. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu, akaandika habari za misikiti ya mbao na za watu wa dini wafuatao madhehebu ya Shafi, kisha akashika njia ya Kilwa, ambako ndiko alikokusudia. Vasco da Gama alifika nje ya kisiwa Aprili 1498; zawadi zikapelekwa na kurejeshwa, shaka ikaingia pande zote mbili, na usiku watu wakaogelea hadi kwenye merikebu za Wareno wakijaribu kukata kamba za nanga. Baada ya siku chache aling'oa nanga akaenda Malindi, na huko akapewa rubani aliyemfikisha Calicut mwezi wa Mei. Katika pwani yetu sijui badala ya bandari iliyo mashuhuri kuliko hiyo. Basi na aje mwenye kusema kwamba kila likosekanalo lina kheri ndani yake, atueleze kheri ile ilikuwa ya nani. Malindi ilipata rafiki mwenye mizinga, na Mombasa ikasalimika mwaka ule. Lakini mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja akauteka mji na kuutia moto, na mwaka 1593 Wareno hao hao wakaanza kuijenga Ngome ambayo leo ndiyo ya kwanza kuonyeshwa wageni. Sikani kwamba mna hekima katika mambo hayo. Nasema kwamba hekima hiyo haikuandikwa kwa hati tuisomayo sisi, na ajitiaye kuisoma kwa niaba ya mwenziwe aliyepata hasara hufanya ufidhuli akauita ucha Mungu.

Watu wa majahazi walikuwa na adabu nyingine. Nahodha aliyeingia Bandari ya Kale na upepo wa kaskazi, kutoka Sur au Kuwait, na tende na chumvi na mazulia ngamani, hakumwahidi mtu siku. Aliahidi msimu, na hata huo aliuahidi kwa sharti. Alijua kwamba kusi likishika nguvu bahari hufungwa, na kwamba aliyekawia kupakia boriti zake huenda akauona mwaka ukigeuka yungali ugenini. Inshallah yake haikuwa ile tuitumiayo leo barazani tutakapo kukataa mwaliko pasipo kutamka la. Ilikuwa ni sehemu ya hesabu zake, kama vile kina cha maji na nyota. Suratul Kahf inatukataza kuisemea kesho bila ya kuifunga na matakwa ya Mwenyezi Mungu, na watu wale walikuwa na sababu ya kila siku ya kukumbuka katazo hilo, kwa kuwa upepo haukuwapa nafasi ya kulisahau.

Merikebu ya matembezi, kinyume cha jahazi, huuza siku na saa: kufika asubuhi saa 1, kuondoka jioni saa 12, na kati yake Ngome, Ndia Kuu na chakula cha mchana. Katika kitabu cha picha apewacho abiria hamna inshallah. Lakini ukiusoma mkataba mpaka mwisho, kwa miwani, utaikuta: limo sharti kwamba kampuni na nahodha wana ruhusa ya kuigeuza njia na kuiacha bandari yoyote, na kwamba abiria aghalabu hatakuwa na cha kudai isipokuwa ushuru wa bandari iliyoachwa. Inshallah imo, ila imehamishiwa kwenye herufi ndogo, na mwenye kupenda hapo si Mungu, ni kampuni. Huu ndio mchanganyiko unaonikera. Likitangazwa badiliko, tena kwa sauti ya upole kama ya mtu atoaye tanzia, husemwa kwamba hali imelazimu. Na abiria mwenye dini, na hasa Mwislamu wa Pwani aliyezoea neno majaaliwa tangu utotoni, hulipokea kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni.

Kwa haya kuna kisa ambacho masheikh wetu hukisomesha darsani. Sayyidna Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, na hapo majemadari wakamjia na habari kwamba tauni imeingia nchi ile. Akataka shauri, watu wakakhitalifiana, mwisho akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda bin al-Jarrah, mtu ambaye Umar hakupenda kukhitalifiana naye, akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwa maana hii, kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu vile vile. Akampigia mfano wa mwenye ngamia ashukaye bonde lenye ng'ambo mbili, moja ya rutuba na moja kavu, na kokote awalishako huwalisha kwa kadari. Yafaa kutazama kisa hiki vizuri, maana watu hukitaja kwa haraka. Umar hakusema kwamba tauni imeamua. Alikusanya watu, akasikiliza Muhajirina na Ansari na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua yeye, na uamuzi ukaitwa kwa jina lake. Kadari haikumnyang'anya ikhtiari, wala ikhtiari haikumtoa katika kadari.

Imam Ghazali, katika Ihya, hakuwaachia nafasi wale wadhaniao kwamba tawakali ni kuziacha sababu. Kwake asiyeunyosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, akingoja shibe imjie, ana wazimu, hana tawakali. Na hapa kwetu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alitumia kalamu yake kuwaamsha Waislamu wa Pwani watafute elimu na kazi, wasiridhike na unyonge wao. Tukimfuata Umar na hawa waliomfuata, itatulazimu tuuvue uamuzi wa kampuni joho la kadari lisilokuwa lake. Nahodha aliyekwepa bunduki amefanya wajibu wake, na abiria aliyekosa Mombasa kwa sababu hiyo amshukuru Mungu na amshukuru nahodha. Bandari ikiachwa kwa kuwa mafuta yamepanda bei au kwa kuwa gati jingine limetoa masharti matamu zaidi, hilo nalo limo katika elimu ya Mungu, kama yalivyomo yote. Ila lina mtendaji, na mtendaji huulizwa.

Tofauti hii niliisikia ikitamkwa kwa ufupi kuliko niwezavyo, asubuhi moja Ndia Kuu, karibu na Ngome, na mzee auzaye kofia za mkono. Alikuwa amekwisha kuzipanga barazani, kila moja ameivisha juu ya bakuli lililofudikizwa isibonyee, zile za kazi nzuri mbele, viua vyake vidogo vimejipanga safu kwa safu, kazi ya miezi ya mwanamke fulani aliyekaa ndani Kibokoni au Lamu. Akaja kijana mtembeza wageni, kitambulisho shingoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjana?"

"Meli haiji."

"Haiji leo, au haiji?"

"Haiji kabisa. Wasema imepitiliza Unguja."

Mzee akainua kofia moja, akaipuliza vumbi, akairudisha. "Unguja nako wako wenye kofia," akasema. Kisha akamtazama kijana. "Na yale magari uliyoyatilia arubuni?"

"Arubuni hairudi, ami."

"Basi hilo usiliite riziki. Hilo lina mwenyewe."

Sijasoma ufafanuzi wa ridhaa ulio bora kuliko maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja. La kwanza ni ridhaa iliyokamilika: mgeni ambaye hakuja kwangu amekwenda kwa mwenzangu, na fedha ambayo hainijii haikupotea duniani. La pili ni insafu, nayo haikuifuta ridhaa, wala ridhaa haikuifuta insafu.

Abiria naye, akishauliza alichostahili kuuliza, bado ana kazi ya moyo iliyobaki, nayo ni ngumu kuliko barua ya kudai. Anashuka Unguja, au Shelisheli, au popote alipopelekwa, na siku nzima huipima kwa Mombasa asiyoiona: vichochoro hivi vyembamba lakini si vile, milango hii ina nakshi lakini si kama ya Mtaa wa Mbarak Hinawy, kahawa hii tamu mno. Mji aliopewa haukumkosea kitu, naye anaunyima macho. Katika fikihi iko badala ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, nayo ni tayamamu: aliyekosa maji safarini hupiga vumbi, hujipangusa, akasali, na sala yake ni sala. Lakini sharti ni kuyatafuta maji kwanza. Hairuhusiwi kuliendea vumbi kwa uvivu, na mtu akishalichukua kwa haki, haimpasi kusimama katika sala akiyaomboleza maji. Abiria wengi hugeuza mambo haya yote mawili. Hawakuuliza chochote ulipokuwa wakati wa kuuliza, kisha wanaomboleza ulipokuwa wakati wa kusali. Nami nashuku kwamba wengi wao Mombasa waipendayo ni ile ya safari ya ujanani, au ya picha za babu aliyewahi kufanya kazi hapa, mji ambao hata kama merikebu ingaliingia Kilindini wasingaliukuta.

Bandari hali yake ni nyingine. Abiria aweza mwakani kuchagua kampuni nyingine. Kisiwa hakiwezi kuchagua bahari nyingine. Muuza kofia hana mkataba na yeyote, hata wenye herufi ndogo, na ushuru unaorejeshwa haupiti barazani pake. Kisa cha Sargh kina upande huu pia, ingawa hausemwi sana. Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo watu walipokuwa wakishauriana, alikuja baadaye na hadithi ya Mtume, na hadithi hiyo ina sehemu mbili: walio nje ya nchi ya tauni wasiiingie, na waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Umar alirudi kwa sehemu ya kwanza. Abu Ubayda alikwenda zake kwa askari wake Sham, akabaki nao, na katika mwaka wa 18 wa Hijra akafa kwa tauni hiyo. Maulamaa hawakumlaumu aliyerudi wala aliyebaki, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na watu wake wa kuwaangalia.

Wabakiao, basi, huulizwa kwanza juu ya wale wabakiao pamoja nao, na hapo ndipo malalamiko yetu juu ya makampuni ya ng'ambo yanapoanza kutuchoma wenyewe. Arubuni ya kijana yule haikuchukuliwa na kampuni. Imo mfukoni mwa mwenye magari, jirani yake, ambaye magari yake siku ile hayakutia mafuta wala hayakutoka uani. Naye alikuwa na sharti lake, alilolitamka kwa mdomo, kwamba arubuni hairudi. Katika mauzo, fikihi ya Shafi, ile ile ambayo Ibn Battuta alitukuta nayo, haimkubalii muuzaji kuila arubuni ya mnunuzi aliyeghairi. Ni Mahanbali walioruhusu. Na kijana yule hakuwa hata ameghairi.