Mgonjwa Akitukana, Nani wa Kulaumiwa?

Binti mwenye heshima zake anaanza ghafla kutukana wazazi. Halali usiku, anaona watu wasiokuwepo, kisha anaangushwa na degedege. Mmoja atasema karogwa, mwingine ana jini, wa tatu kavuta bangi. Swali la kujiuliza: tunayo haki ya kumhukumu mtu kwa maneno yake kabla ya kujua kama akili iliyoyatoa ilikuwa nzima?

Mwaka 2007, Daktari Josep Dalmau na wenzake nchini Marekani walieleza habari za wanawake 12 wa aina hiyo. Wote walikuwa na uvimbe uitwao teratoma, karibu wote kwenye ovari. Uvimbe huo huweza kuwa na chembechembe za neva kama zile za ubongo. Kinga ya mwili huinuka kuupiga, lakini silaha zake hazitofautishi, zikaupiga na ubongo. Baadhi ya saratani za mapafu nazo huleta madhara ya neva kwa njia kama hii, na wapo wanaopatwa na maradhi ya ubongo ya wanawake wale bila uvimbe wowote.

Wapo watakaosema, kwa hoja hii kila mkosaji atasingizia ubongo. Sikubaliani nao. Maradhi haya yana kipimo, cha damu na maji ya uti wa mgongo. Sisemi kila mtu asamehewe, nasema apimwe. Sharia imemwondolea dhima aliyepoteza akili. Basi kumtambua nani kapoteza akili ni wajibu unaotangulia hukumu.

Tena kuchelewa kuna gharama. Utafiti wa mwaka 2013 uliohusu wagonjwa zaidi ya 500 ulionyesha kuwa kama 80 katika kila 100 waliofuatiliwa walipata nafuu nzuri ndani ya miaka miwili, na waliowahi tiba walikuwa na matumaini zaidi. Sasa huyu tuliyemfunga kamba uani miezi mitatu, nani atamrudishia miezi hiyo?

Dua ni jambo jema, na haimzuii mtu kwenda hospitali. Kinga ya mwili humpiga asiye na hatia kwa kudhani inalinda nyumba. Yenyewe haina akili ya kuuliza. Sisi tunayo, na kwa hiyo tutaulizwa.