Mtenda Asiyetajwa

Mwingereza anayejifunza Kihispania hutaabika kukuta sentensi ambayo, machoni pake, haina mtenda. Mhispania husema "hablo", basi. Neno "yo", yaani "mimi", halimo. Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Tukisema "nasema", nani atauliza anayesema ni nani? Tofauti ni kwamba mtenda wetu hukaa mlangoni mwa kitenzi, na wao wamemweka uani: "hablo" ni mimi, "hablas" ni wewe, "hablamos" ni sisi.

Wapo wasemao kwamba kuacha "mimi" ni unyenyekevu wa lugha. Sikubali. Mtenda aliyeachwa namna hiyo hajajificha. Anajulikana mno hata hapana haja ya kumtaja. Pakiwa na shaka, kama katika "hablaba", ambayo yaweza kuwa mimi, yeye, au hata wewe mheshimiwa, basi Mhispania humtaja, ili sifa au lawama isimwangukie asiyehusika. Na "yo" ikitamkwa pasipo lazima huwa na uzito: "yo rompí el plato" hukaribia "mimi ndiye niliyevunja sahani", wala si mwingine.

Maficho yako kwingine. "Se rompió el plato": sahani imevunjika. Hapa hakikuachwa kiwakilishi tu. Ameondolewa mtu mzima. Tena wanayo ya tatu, "se me rompió el plato", sawa na mtoto wetu asemaye "sahani imenivunjikia". Mtu amerudi, ila si mtenda tena. Amerudi maskini ya Mungu, aliyefikwa na msiba wa sahani! Sisemi kwamba ni uongo. Sahani huteleza kweli, na lugha isiyo na nafasi ya ajali ingefaa mahakamani tu.

Lakini katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilipokea taarifa nyingi za aina hiyo: vitabu vimepotea, fedha zimetumika, mwanafunzi ameumia. Sarufi yake haikuwa na dosari. Chuoni ningeipa alama zote. Mzazi mmoja aliketi mbele yangu na taarifa kama hiyo mkononi, inayomhusu kijana wake. Aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, nani kamuumiza?"