Isomeni Mistari ya Juu

Vijana wangu wa Juja, Ruiru na Thika, ninyi wa JKUAT na Zetech mnaoanza kuishi kwa kuandika programu, nina neno nanyi. Kihariri chenu kinajua mengi. Unagonga herufi tatu nne za jina la klasi, kidirisha kinafunguka, unabonyeza Enter, na kule juu ya faili mstari wa import umeshajiandika. Wengi wenu hamuuoni kabisa, maana IntelliJ IDEA huikunja mistari hiyo yote mara faili inapofunguliwa. Sisi tuliiandika kwa mkono, ikatuchosha, wala siwaombi mrudi huko.

Ila kihariri hutafuta jina tu, nia yako hakiijui. Ulizia Wanjiku pale Makongeni uone wangapi watageuka. Kwenye Java kuna Date ya java.util na Date ya java.sql. Tuseme unaandikia sacco ya matatu programu ya risiti. Umeandika new Date(System.currentTimeMillis()), kidirisha kikakupa zote mbili, ukachukua ya java.sql kwa haraka. Programu inakubali bila alama nyekundu hata moja. Ukichapa risiti, unapata mwaka, mwezi na siku; saa haipo. Aliyepanda alfajiri na aliyepanda jioni wana risiti za sampuli moja, nawe unakesha ukisaka kosa kwenye hifadhidata, kumbe limejikalia juu ya faili. (Kwa kazi mpya tumieni java.time, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014. Hizo Date tuachieni wazee.)

Tena msipende mno ile amri ya kusafisha import zisizotumika. Kwenye Python, faili inapoitwa mara ya kwanza kwa import, msimbo wake huendeshwa. Ndiyo maana miradi mingi ya Django ina mstari ndani ya apps.py unaoita faili ya signals, kisha jina hilo halitajwi tena popote. Kihariri huufifisha rangi. Ufute, na ujumbe ambao, tuseme, faili hiyo ilitakiwa kumtumia mteja baada ya malipo hautoki tena, na hakuna kosa linaloonekana. Mkikuta mstari uliofifia, ulizeni kwanza aliyeuweka. Wenzetu wa Go walilimaliza tatizo hili mapema: import isiyotumika haipiti, na ile inayotakiwa kwa kazi yake ya kimyakimya huwekewa alama ya mstari wa chini (_) mbele yake.

Kubwa zaidi ni kitufe cha kusakinisha kifurushi usichokuwa nacho. Mwaka 2018, event-stream ya npm ilikabidhiwa mgeni aliyejitolea kuitunza, akapenyeza msimbo wa kuwaibia Bitcoin watumiaji wa pochi ya Copay. Nanyi mnashika M-Pesa za watu. Kabla ya kubonyeza, fungueni ukurasa wa kifurushi hicho, mtazame nani anakitunza, alikabidhiwa lini, na kama jina limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi.